Nyumba ya Wawili, Deni la Wawili



Bwana na bibi mmoja walinijia hivi karibuni baada ya Misa ya pili. Waliketi kwenye benchi moja, lakini kati yao palikuwa na nafasi ya kutosha mtu wa tatu. Nikadhani ni habari ya ulevi, au ya mwanamke wa nje, kwa maana hayo ndiyo huletwa mbele yangu mara nyingi. Kumbe ilikuwa habari ya nyumba. Wameniruhusu kuieleza hapa, nami nimebadili mambo machache ili wasitambulike.

Bwana ni mwalimu aliyestaafu. Bibi ni muuguzi, amebakiza mwaka mmoja kazini. Wana nyumba ya vyumba vinne huko Juja, si mbali na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, nyumba waliyoijenga kwa muda wa miaka 11. Msingi na kuta zilitoka katika mshahara wa mwalimu. Mabati na mbao za paa zilitoka katika mkopo ambao bibi aliuchukua kwenye chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi wa hospitali. Hatimiliki ina jina la bwana peke yake, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za watu wa rika lao. Watoto wamekwisha kuwa na makao yao, nao wazee hawa wanataka kuhamia shambani kwao Nyandarua.

Akaja mnunuzi. Ni kijana mwekezaji, mwenye adabu, ambaye tayari ana hosteli moja ya wanafunzi na anataka kuifanya nyumba hii iwe ya pili. Hana pesa zote, na riba ya benki inamtisha. Hatuwezi kumlaumu kwa hilo, kwani mwaka 2024 wastani wa riba za mabenki yetu ulipita asilimia 16. Basi akaleta pendekezo. Nyumba ingeuzwa kwa Sh 8,000,000 kama ingelipwa yote mara moja. Yeye atalipa Sh 9,200,000, lakini kidogo kidogo: 2,000,000 siku ya kutia saini, kisha 150,000 kila mwezi kwa miezi 48. Apewe funguo mara moja ili aanze kazi.

Mwalimu akapiga hesabu, akaona faida ya milioni moja na laki mbili. Akampa kijana mkono pale langoni. Kisha akaingia ndani, akamwambia mkewe kuna karatasi ya kutia saini kwa wakili siku ya Jumatatu.

Bibi akasema hatii saini.

"Umeniaibisha," mwalimu akamwambia. "Nimekwisha kutoa neno langu."

"Neno lako umelitoa, Mzee," bibi akajibu. "Langu bado ninalo."

Walikaa wiki tatu wakisalimiana tu. Ndipo wakanijia, kila mmoja akitumaini nitamwambia mwenzake ya kuwa amekosa.

Kwa upande wa sheria jambo hili halina mzozo mrefu. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inasema kwamba katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haiwezi kuuzwa, kutolewa zawadi, kukodishwa wala kuwekwa rehani pasipo ridhaa ya wote wawili. Jina lililo kwenye hati halibadilishi neno hilo. Na inapofika kwenye kuikodisha au kuiweka rehani nyumba wanamoishi, sheria hiyo inataka ridhaa iliyoandikwa, tena ya mtu aliyeelezwa na kuelewa. Ningependa kina bwana waisome sehemu hiyo polepole. Hata Kanisa letu halikubali ndoa iliyofungwa kwa mtu kulazimishwa au kutiwa hofu kubwa. Ikiwa ridhaa ya kuanza ndoa haipatikani kwa vitisho, itawezekanaje ridhaa ndani ya ndoa ipatikane kwa kununiana wiki tatu? Saini anayoitoa mke ili chakula kilike kwa amani ni wino tu.

Lakini msidhani nimekwisha kumpa bibi ushindi. Jambo lenyewe liko mbali zaidi ya saini.

Hebu tutazame ni kitu gani hasa kilichokuwa kinauzwa. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 23, tunasoma jinsi Abrahamu alivyonunua shamba na pango la Makpela kwa Efroni Mhiti, apate kumzika mkewe Sara. Walisemezana kwa heshima nyingi, kisha Abrahamu akapima shekeli 400 za fedha mbele ya watu wote waliokuwa langoni mwa mji. Siku ile ile ikawa imekwisha. Efroni hakuwa na sababu ya kumtazama tena Abrahamu kwa jicho la mdai, wala Abrahamu hakuwa na sababu ya kubadili njia akimwona Efroni. Hata leo, katika mauzo ya kawaida hapa Kenya, mawakili huandika malipo ya kwanza ya asilimia 10 na salio ndani ya siku 90. Ni miezi mitatu ya kuaminiana, kisha kila mtu huenda zake.

Mwalimu alidhani anafanya kama Efroni. Alikuwa anafanya kazi nyingine kabisa. Katika milioni 8 ondoa milioni 2, zinabaki milioni 6. Milioni 6 hizo ndizo alizokuwa anamkopesha kijana kwa miaka minne. Niliwauliza wote wawili, "Mmewahi kumkopesha mtu yeyote milioni 6?" Mwalimu akacheka. Alisema hata ndugu yake wa tumbo moja hajamkopesha laki moja. Bibi hakucheka. Yeye alikuwa ameliona jambo hilo tangu siku ya kwanza, kwa sababu alikuwa mkopaji. Alikumbuka alivyozunguka wodi kwa wodi akitafuta wadhamini ili apewe pesa za mabati. Akauliza, "Mdhamini wa huyu kijana ni nani?"

Mdhamini ni nyumba yenyewe, akasema mwalimu. Asipolipa tutaichukua.

Na kijana ataanza kazi kwa kuvunja kuta za ndani, apate vyumba vidogo vidogo. Je, akikwama mwezi wa sita, mtachukua nini? Mtachukua mahame yenye mashimo sakafuni. Kuuza kwa namna hii ni mambo mawili yaliyovaa kanzu moja. Nje ni mauzo, ndani ni mkopo. Na mwenye kukopesha ni familia, kwa kuwa ni familia itakayokosa chakula kama mkopo haulipwi.

Basi vipi kuhusu lile neno la langoni? Bwana Yesu ametufundisha kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo. Mwalimu alishikilia hapo kwa nguvu, na ninamheshimu kwa hilo, maana siku hizi neno la mtu limekuwa rahisi kama makaratasi ya peremende. Lakini huwezi kuahidi kitu ambacho nusu yake iko mkononi mwa mwingine. Ahadi yake ilimfunga kwa kiasi kile alichokuwa nacho, yaani kwenda kumwomba mkewe kwa moyo safi na kumweleza yote. Haikumfunga mkewe. Na kama kijana amekwisha kutumia pesa kwa sababu ya mkono ule wa langoni, tuseme amemlipa fundi wa kuchora ramani, ni haki mwalimu amrudishie gharama hiyo. Aibu ni yake mwenyewe. Mkewe hakuitengeneza.

Sasa, mama, nikageuka kwako. Kukataa ni haki yako, lakini kukataa bila kusema sababu ni fimbo kama fimbo nyingine. Wiki tatu ulisema "sitii saini" na hukusema zaidi. Mume wako alibaki akikisia. Nilipomwomba aseme, alitoa sababu tatu, na inaonekana mumewe alikuwa hajapata kuzisikia.

Ya kwanza ilikuwa kifo. Mwalimu ana shinikizo la damu. Akifa mwezi wa 20, nani atajua ni kiasi gani kimelipwa na ni kiasi gani kimebaki? Ujumbe wa benki unaingia katika simu ya mwalimu peke yake. Ya pili ilikuwa zile kuta. Ya tatu aliisema akitazama chini.

"Namjua huyu mzee wangu. Kijana akija na machozi, atamsamehe."

Nikauliza kuna ubaya gani katika kusamehe. Ndipo ikatoka habari ya zamani. Walikuwa na kijumba cha kupangisha nyuma ya nyumba yao. Mpangaji mmoja alipoteza kazi, na mwalimu akamwachia kodi ya miezi saba bila kumwambia mkewe. Kodi hiyo ndiyo iliyokuwa imetengwa kwa karo ya mtoto wao wa mwisho. Bibi aliomba zamu za usiku hospitalini ili kuziba pengo. Mpangaji yule alisimama siku moja katika jumuiya ndogo ndogo akatoa ushuhuda wa wema wa mwalimu, na watu wote wakapiga makofi. Sifa zilikwenda kwa bwana, na zamu za usiku zikaenda kwa bibi.

Ndugu msomaji, hapa ndipo nilipoona mzizi wa jambo lote. Sisi Wakristo tumezoea kuulizana kama tuna huruma ya kutosha. Ni nadra kuulizana kama huruma yetu inatoka katika mfuko wetu. Nikimsamehe mdeni wangu deni langu, nimefanya tendo jema. Nikimsamehe deni ambalo nusu yake ni ya mke wangu, nami sikumwuliza, nusu moja nimeitoa sadaka na nusu ya pili nimeichukua kwake bila ruhusa. Yule mpangaji hakujua ya kuwa alikuwa anasaidiwa na mwanamke aliyekuwa macho saa nane za usiku akipima joto la wagonjwa. Laiti angeulizwa, bibi yule pengine angekubali. Mimi naamini angekubali angalau miezi mitatu. Aliibiwa nafasi ya kuwa mwema.

Mwalimu alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema neno ambalo nalo lilikuwa la kweli. "Na yeye, Baba, akiachiwa peke yake, mwezi mmoja tu kijana akikosa kulipa, atamfukuza na kila kitu abaki nacho."

Bibi hakukana. Alisema mkataba wenyewe ndivyo ulivyosema. Nikaomba kuuona. Kweli, wakili alikuwa ameandika kwamba mnunuzi akikosa kulipa miezi miwili mfululizo, nyumba itarudi kwa mwuzaji na pesa zote zilizokwisha kulipwa zitapotea. Bibi alikuwa amepinga kila kipengele cha mkataba ule isipokuwa hicho.

Tupige hesabu pamoja. Kijana amelipa vizuri miezi 30, kisha wanafunzi wakakaa nyumbani kwa mgomo, akakwama. Mpaka hapo ametoa milioni 2 za kwanza, na milioni 4 na nusu za kila mwezi. Jumla ni Sh 6,500,000. Je, ni haki ninyi mrudishiwe nyumba na mbaki na milioni sita na nusu? Wengi watasema alitia saini mwenyewe, hakushikiwa kisu. Lakini mafundisho ya Kanisa hayaishii kwenye saini. Papa Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha kwamba mapatano ya mshahara hayawi ya haki kwa sababu tu pande mbili zimekubaliana, ikiwa mnyonge alikubali kwa kukosa njia. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inatuagiza kushika mikataba kwa uaminifu, kwa kadiri yale tuliyoahidiana yanavyopatana na haki. Mkataba unaompa mmoja nyumba na bei yake pia umepita mpaka huo. Serikali nayo imeliona jambo hili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inampa mnunuzi nafasi ya kwenda mahakamani kuomba nafuu pale mwuzaji anapovunja mkataba. Lakini Mkristo asingoje kuambiwa na hakimu.

Haki yenu ni ipi basi? Mmekosa matumizi ya nyumba yenu kwa miezi 30. Kama nyumba hiyo ingepangishwa kwa 35,000 kwa mwezi, hiyo ni Sh 1,050,000. Ongezeni gharama za wakili, za kurudisha kuta, na muda wa kutafuta mnunuzi mwingine. Yanayobaki ni ya kijana. Si lazima mmrudishie siku moja, maana pengine mmekwisha kuyaweka katika ng'ombe na uzio. Mtamrudishia nyumba ikiuzwa tena. Lakini ni yake. Mkimzika nayo, mmemla.

Mwalimu aliniuliza jambo jingine, nalo lilikuwa limemkaa moyoni. Ile milioni moja na laki mbili ya ziada, si riba hiyo? Ni swali zuri, na si la watoto. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba mtu akiuza kitu kwa bei ya juu kuliko thamani yake ya haki kwa sababu tu atalipwa baadaye, anatoza riba, na riba ni dhambi. Mwaka 1745 Papa Benedikto XIV aliwaandikia maaskofu wa Italia, akalaani tena faida inayotokana na mkopo kwa kuwa ni mkopo tu. Lakini alikiri kwamba zaweza kuwapo sababu nyingine za haki, nje ya mkopo wenyewe, za kudai zaidi ya kilichokopeshwa. Hasara anayoipata mkopeshaji ni mojawapo ya sababu ambazo wanateolojia wamezikubali.

Sisi Wakenya hatuhitaji kwenda Italia kuijua hasara hiyo. Wenye umri wangu wanakumbuka mwaka 1993, bei zilipopanda kwa kadiri ya asilimia 46 kwa mwaka mmoja. Mtu aliyeuza nyumba mwaka 1992 kwa malipo ya miaka minne alilipwa shilingi zake zote, lakini shilingi zenyewe zilikuwa zimekonda. Nilimpigia mwalimu hesabu: ile ziada yake ni sawa na asilimia 9 hivi kwa mwaka juu ya zile milioni 6. Kwa kupanda kwa bei, kwa hatari, na kwa kungoja wakati wa uzee, sioni dhambi hapo. Ningeiona kama mkataba ungeongeza asilimia 10 kila mwezi kijana anapochelewa, kama wanavyofanya wale wakopeshaji wa vichochoroni.

Tomaso ana neno jingine ambalo litawafaa zaidi. Anasema mwuzaji anaweza kuhesabu hasara yake mwenyewe katika bei, lakini asipandishe bei kwa sababu mnunuzi atafaidika sana, kwa kuwa faida hiyo haikuwa mali ya mwuzaji hata aiuze. Ninalitaja kwa sababu najua litakalotokea. Miaka mitatu itapita. Mtakwenda Juja kwenye mazishi ya jirani, mtapita mbele ya nyumba yenu ya zamani, mtaona vyumba 16, kila kimoja na mwanafunzi wake, na nguo kwenye kamba. Mmoja wenu ataanza kuhesabu kodi kimoyomoyo. Usiku ule mtaambiana kwamba kijana aliwapunja. Hakuwapunja. Ninyi mliuza nyumba ya familia. Hosteli ameijenga yeye, kwa jasho lake na kwa kukesha kwake akiogopa tarehe tano ya kila mwezi.

Kuna mambo ya kawaida pia ambayo sitayapitia yote, wakili atawaeleza. Ila moja siwezi kuliacha. Kijana huyu, au mwingine, siku moja atakuja na kusema, "Mwalimu, nipe hati niende nayo benki, niwaletee pesa zenu zote kwa mara moja." Mara nyingine husema kweli. Lakini hati ikiandikwa jina lake pasipo rehani yenu kusajiliwa juu yake, benki ikawa ya kwanza, ninyi mmekuwa watu wa kungoja makombo. Au hati ibaki kwenu mpaka shilingi ya mwisho, au ihamishwe kwake na deni lenu lisajiliwe siku hiyo hiyo. Na ikiwa itabaki kwenu, naye pia alindwe. Analipa kila mwezi kwa nyumba yenye jina la mzee mwenye shinikizo la damu. Mzee akifariki na watoto wakaanza kugombana, kijana atakuwa mgeni mlangoni. Aweke notisi yake kwa msajili wa ardhi, nanyi msimnunie kwa hilo.

Kodi nayo msiisahau. Tangu Januari 2023 kodi ya faida inayotokana na kuuza ardhi na nyumba ni asilimia 15 ya faida. Aliyeishi katika nyumba yake mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuihamisha huruhusiwa asilipe. Kwa hiyo, ikiwa hati itahamishwa miaka minne baada ya ninyi kwenda Nyandarua, mwulizeni wakili mapema hali yenu itakuwaje. Nimeona watu wakigombana na serikali kwa jambo ambalo lingemalizwa kwa swali moja.

Turudi kwenye ile benchi. Niliwapa karatasi mbili, kila mmoja ya kwake, nikawaomba waandike bila kutazamiana: kijana akikosa kulipa kwa sababu ya ugonjwa, tutamngojea miezi mingapi? Mwalimu aliandika 12. Bibi aliandika mmoja. Walipobadilishana karatasi walicheka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wakicheka. Ndoa ya miaka 34, na hawakuwa wamewahi kuulizana huruma yao ina urefu gani.

Walikubaliana mitatu. Wakakubaliana pia kwamba hata huo mwezi wa kwanza hautatolewa na mmoja peke yake. Kijana akija kuomba, ataambiwa aketi, apewe chai, na jibu litatoka wakiwa wawili. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, Mungu anamwagiza mdai asiingie nyumbani mwa mdeni kuchukua rehani, asimame nje, mdeni amletee. Nikawaambia walishike hilo pia. Wasiende hosteli kuwahesabu wanafunzi, wala wasimdai kijana mbele ya wapangaji wake. Bibi alisema hilo litakuwa gumu kwake, na nikamshukuru kwa kusema kweli.

Pesa zitaingia katika akaunti yenye majina mawili. Daftari litakaa juu ya meza ya chakula, kwa kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Kile kipengele cha kupoteza kila kitu kitaandikwa upya. Kuta hazitavunjwa mpaka nusu ya bei iwe imelipwa, na muda upunguzwe uwe miezi 24.

Mwalimu alikwenda kwa kijana mwenyewe kumweleza. Alichukua mkewe. Alianza kwa kumwambia kwamba siku ile langoni alisema mbele ya wakati wake, na kwamba mwenye nyumba wa pili ndiye huyu. Kijana alisikiliza. Alisema miezi 24 hataiweza, labda 36, na kuta anazihitaji mapema kuliko hapo, lakini yu tayari kuweka kiwanja chake kidogo kama dhamana ya kuta. Aliomba wiki mbili afikiri.

Wiki moja imepita. Bibi aliniambia Jumapili kwamba usiku sasa wanakaa mezani wakipiga hesabu ya hiyo miezi 36, na kwamba yeye ndiye aliyesema kiwanja kile kinatosha, na mwalimu ndiye anayesema wakakione kwanza.